Jua Lililopita Ukutani

Kengele ya mwisho ilipolia, Chiriku hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alikwenda kwa shangazi yake. Alizunguka nyuma ya duka la rangi, akapanda ngazi kumi na tisa, akavua viatu mlangoni na kuvigonganisha mpaka vumbi likaisha. Shangazi hakuwa na masharti mengi, ila kwa vumbi hakuwa na mzaha. Alisema vumbi ni mchawi wa kompyuta. Chumba kilikuwa na feni moja, nayo ilielekezwa kwenye mashine, si kwa watu. Ukitaka upepo, ukajibanze karibu na kompyuta.

Jina la Chiriku alilipata kwa marehemu mama yake, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alianza kusema asubuhi akitafuta soksi, na jioni usingizi ulimkuta katikati ya hadithi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na hakuna jambo alilolipenda kuliko kumtazama Shangazi akifanya kazi.

Watu wa mtaani walidhani Shangazi ni mpiga picha. Kamera hakuwa nayo. Yeye alitengeneza picha za nyumba ambazo hazijajengwa. Msanifu, yaani mtu anayebuni majengo, alimletea michoro ya mistari mitupu. Shangazi alisimamisha kuta ndani ya kompyuta, akatia milango, vioo na sakafu, kisha akawasha jua. Ndiyo, mle ndani mlikuwa na jua. Unaliambia mwezi, tarehe na saa, nalo linakwenda kukaa pale pale ambapo jua la kweli lingekuwa, na vivuli vinajipanga vyenyewe. Baada ya hapo picha hupikwa. Mashine hukokotoa mwanga unavyogonga kila ukuta na kila kiti, saa moja, saa mbili, feni ikiunguruma. Picha ikiiva, huwezi kuamini kwamba nyumba haipo. Mtu mmoja aliwahi kuuliza kama mwenye nyumba ile angempangisha chumba cha nyuma.

"Kuta si kazi," Shangazi alizoea kusema. "Kuta hata mtoto anasimamisha. Kazi ni mwanga. Mwanga haujui kumbembeleza mtu."

Baba yake Chiriku, mdogo wake Shangazi, hakupenda picha za namna hiyo. Alikuwa fundi mwashi, mtu wa tofali na kamba, na shule aliiacha darasa la nne. Nje ya zahanati ya mtaa wao palikuwa na bango kubwa lenye picha ya jengo jipya jeupe, na mbele yake gari la wagonjwa linang'aa kama limetoka kuoshwa. Bango lilisimama. Jengo halikusimama, na gari halikufika. Miaka mitatu iliyopita mama yake Chiriku alizidiwa, wakamkimbiza pale, wakakaa naye kwenye benchi chini ya bango hilo wakisubiri gari la kumpeleka hospitali kubwa. Walisubiri mpaka hakukuwa na wa kumsubiria tena.

Tangu siku hiyo Baba alikuwa na neno moja kwa kila ahadi ya wakubwa. "Picha haibebi mgonjwa," alisema. Mikutano hakwenda. Alisema wenyeviti huitisha mkutano wakiwa wamekwisha kuamua, wewe unaitwa ukapige makofi.

Basi mwaka huo shule ya akina Chiriku ilipata bahati ya kujengewa madarasa manne mapya. Yale ya zamani yalikuwa na vidirisha vidogo juu karibu na bati, na mchana wa mawingu mwalimu alilazimika kusoma ubao kwa sauti kwa sababu wa nyuma hawauoni. Dawati moja na Chiriku alikaa msichana waliyemwita Miwani. Miwani hakuwa na miwani. Walimwita hivyo kwa sababu alisoma pua yake ikigusa daftari, kama anayelinusa. Walimu walimkemea akae wima. Akikaa wima, haoni.

Msanifu alichora madarasa, na Shangazi akapewa kazi ya kutengeneza picha ya ndani ya darasa moja, ili wazazi waione kwenye mkutano wa Jumamosi. Kabla ya kukaa kwenye kompyuta, Shangazi aliazima futi ya Baba akaenda kiwanjani mwenyewe. Upande wa magharibi palikuwa na barabara ya malori, na huko msanifu alikuwa ameweka ukuta mtupu ili kuzuia kelele. Madirisha yote aliyaelekeza mashariki. Lakini upande huo wa mashariki, hatua tatu tu kutoka mahali pa madirisha, palikuwa na ghala la saruji lililojengwa mwaka uliotangulia. Shangazi alihesabu mistari ya matofali yake, kutoka chini hadi juu. Ilikuwa thelathini na miwili. Alirudi, akalisimamisha ghala lile ndani ya kompyuta kwa urefu wake wa kweli, na hakusema kitu.

Ijumaa Chiriku alifika akamkuta Shangazi ameshika shavu. Jino lilikuwa limemwamsha tangu alfajiri, na sasa upande mmoja wa uso ulikuwa umevimba kama ameficha ndimu. Kwa maneno ya kukatakata, Shangazi alimweleza kwamba anakwenda kung'oa. Picha ya darasa ilikuwa inamalizia kupikwa. Mwalimu mkuu angeifuata jioni, na kabla ya hapo yeye angekuwa amerudi.

"Ikiiva usiiguse," alisema akiwa mlangoni. "Ilivyo ndivyo ilivyo. Mimi na mwalimu mkuu tuna maneno."

Picha iliiva saa nane mchana. Chiriku aliitazama, akaisogelea, kisha akarudi nyuma. Hakuelewa. Alizoea picha za Shangazi zenye nuru ya kukufanya ukunje uso, lakini hii ilikuwa kama ndani ya mtungi. Madawati mapya yalionekana kama vivuli vya madawati, na ubao ulikuwa shimo jeusi. Nje ya kila dirisha palionekana tofali tu. Saa iliyoandikwa pembeni ilikuwa saa tatu asubuhi, wakati jua linapaswa kuwa limekwisha kupanda.

Alijiuliza Shangazi amekosea wapi. Shangazi hakosei. Akaamua kwamba ni jino. Mtu mwenye maumivu kama yale hawezi kuona sawasawa. Pengine alisahau kuwasha kitu. Na kesho picha hii itundikwe mbele ya wazazi wote, kisha watu waseme shangazi yake Chiriku ndiye aliyepika giza hili?

Kwenye kompyuta palikuwa na orodha ya vitu vyote vya picha: sakafu, madawati, mti, ghala. Mbele ya kila kitu palikuwa na alama ndogo ya jicho. Ukiligusa jicho linafumba, na kitu chake kinatoweka kama hakijawahi kuwapo. Chiriku alikuwa ameona Shangazi akifanya hivyo mara nyingi, alipotaka kutengeneza kitu kilichojificha nyuma ya kingine. Alisita, kidole kikiwa hewani. Kisha akalifumba jicho la ghala.

Jua likaingia. Liliingia kwa madirisha yote manne kwa pamoja, likajimwaga sakafuni, likapanda kwenye madawati na kugusa ubao. Nje pakaonekana anga na mti mmoja. Chiriku alicheka peke yake. Akaipika picha upya, na mashine ilipomuuliza kama anataka hii ichukue nafasi ya ile ya zamani, akakubali. Aliona amemsaidia mgonjwa.

Picha ilikuwa ndiyo kwanza imeiva mwalimu mkuu alipopanda ngazi, akihema, mapema kuliko ilivyotarajiwa. Alipoitazama alitoa miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. Alisema tangu aanze ualimu hajaona darasa linalotabasamu. Chiriku aliiweka picha kwenye flashi akampa kwa mikono miwili.

Shangazi alirudi saa kumi na moja, mdomo umejaa pamba na ganzi. Hakuweza kusema. Alichukua karatasi akaandika, "Mwalimu amesemaje?" Chiriku akamjibu kwamba amefurahi sana. Shangazi alimtazama kwa jicho la kutoelewa, akaandika tena, "Amefurahi?" Chiriku akaapa kwamba mwalimu alifurahi mpaka akafuta miwani. Shangazi akakaa chini. Akampelekea mwalimu mkuu ujumbe kwa simu kumuuliza kama ameuona mwanga wa darasa. Jibu likaja upesi: "Nimeuona. Haujapata kutokea. Mungu akubariki."

Shangazi aliusoma ujumbe ule mara tatu, kila mara akiishika simu mbali zaidi, kana kwamba tatizo ni macho yake. Ganzi ilikuwa inaisha na maumivu yanarudi. Aliizima kompyuta bila kuifungua kazi, akaenda kulala. Alijiambia kwamba labda wakubwa wameona giza na wana mpango wao. Wakubwa siku zote wana mpango wao.

Jumamosi picha ilitundikwa kwenye ukumbi, kubwa kama mlango. Shangazi alikuwa kitandani, na Baba, kama kawaida yake, hakwenda. Wazazi walipiga makofi. Wapo waliolifahamu ghala lile, walikuwa wamepita kando yake asubuhi hiyo hiyo, lakini nani atasimama mbele ya picha nzuri namna ile aulize habari za ghala? Mradi ukapitishwa.

Jumatatu wanafunzi nao walipangwa mstari kuitazama. Miwani aliisogelea mpaka pua ikakaribia kuigusa. Aliweka kidole kwenye dawati la mbele, pale jua lilipokuwa limetua.

"Mimi nitakaa hapa," alisema. "Hapa sitainama."

Chiriku alifungua mdomo amwambie kwamba jua hilo yeye ndiye aliyelileta. Lakini macho yake yalikuwa yamepita dirishani. Kwa nje, mbali kidogo, aliliona ghala lenyewe, limesimama jeusi na kimya. Halikuwa na jicho la kufumba. Kwani alikosea? Kila mtu alifurahi, na Miwani alifurahi kuliko wote. Mbona basi alitamani kukiondoa kidole cha Miwani pale kwenye picha?

Siku hiyo alirudi nyumbani hana maneno. Baba alimpapasa paji la uso akakuta hana homa. Chiriku alitaka kuuliza, lakini hata swali hakujua lianzie wapi. Baba naye alikuwa na habari yake: yeye ni mmoja wa mafundi watatu walioitwa kupima msingi. Kesho kamba, keshokutwa majembe, na Ijumaa zege. Zege likishamwagwa, alisema, hata rais haligeuzi.

Jumanne saa tatu asubuhi Baba alikuwa kiwanjani na vigingi vyake. Msanifu alikuwa amefika kukagua, viatu vyake vinang'aa, na mwalimu mkuu amesimama pembeni na picha iliyoviringishwa kwapani. Baba alivuta kamba ya kwanza upande wa mashariki. Akainuka. Akatazama chini, akatazama juu, kisha akageuka mzima kama mtu aliyeangusha kitu. Kamba yake nyeupe ilikuwa ndani ya kivuli. Yeye mwenyewe, futi, vigingi na mafundi wenzake wote walikuwa ndani ya kivuli cha ghala.

Aliomba picha. Akaikunjua juu ya rundo la matofali, akaitazama, akalitazama ghala. Alifanya hivyo mara nyingi mpaka wenzake wakaacha kazi. Mmoja alimtania kwamba amepotea kiwanja. Baba akamgeukia msanifu.

"Bwana msanifu," alisema, "mimi sijasoma. Lakini jua nalijua, limenichoma mgongo miaka ishirini. Hapa pameandikwa saa tatu. Sasa hivi ni saa tatu. Nionyeshe hili jua la kwenye picha limepitia wapi."

Msanifu alitazama picha, akafungua ramani yake ya kiwanja. Kwenye ramani hapakuwa na ghala. Alieleza kwamba ramani hiyo alipewa na ofisi ya ardhi, na ofisi ilimpa ya miaka mitatu nyuma. Baba akamuuliza kama ofisi ilimnyima na miguu pia. Mwalimu mkuu akashauri waende wakazungumze ofisini. Baba akakataa. Alisema ofisini hakuna kivuli cha ghala. Waitwe wote waje hapa hapa.

Shangazi alifika wakati wa mapumziko, kitambaa kimezunguka taya, na kazi yote kwenye flashi. Wanafunzi walikuwa wamejaa ukingoni mwa kiwanja. Chiriku na Miwani walijipenyeza mpaka mbele. Msanifu aliweka kompyuta mpakato yake juu ya matofali, akasema kwa upole, lakini upole wa baridi, kwamba aliyetengeneza picha alipaswa kulionyesha ghala.

Shangazi alisema amelionyesha. Alilihesabu tofali kwa tofali. Akaifungua kazi, akashusha orodha mpaka kwenye ghala, na mkono wake ukakoma.

Jicho lilikuwa limefumba.

"Mimi sikulifumba," alisema polepole. Alilitazama kama mtu anayeona maandishi yake mwenyewe na hayakumbuki.

Msanifu alivuta pumzi. Alisema kama picha zinapambwa ili watu wapige makofi, basi itambidi atafute mtu mwingine. Shangazi alikuwa amefanya kazi naye miaka sita. Aliendelea kulitazama lile jicho dogo.

Kilichomuuma zaidi Chiriku hakikutoka kwa msanifu. Kilitoka kwa Baba.

"Hata wewe, dada?" Baba alisema, wala hakupaza sauti. "Bango la zahanati ulikaa chini yake pamoja nami. Ulimshika mkono mama yake huyu mtoto. Na wewe umekwenda kutengeneza la kwako?"

Hapo Chiriku alielewa. Tangu Jumatatu alikuwa kama mtu anayetafuta kitu gizani bila kujua ni kitu gani, na sasa mkono ukakigusa. Picha ya jua na picha ya gari la wagonjwa zilikuwa picha moja. Aliona benchi. Aliona kidole cha Miwani.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua. Shangazi angechukuliwa kuwa mwongo, na maisha yangeendelea. Yeye aliyekuwa na maneno kila siku, leo alipata mawili tu.

"Ni mimi."

Watu wakageuka. Alilazimika kurudia, maana sauti ilikuwa ndogo. Kisha akasema yote: jino, giza, jicho, mashine ilivyouliza naye alivyokubali. Alisema alidhani picha imeharibika. Alisema alitaka ipendeze. Alipofika kwenye maneno "Shangazi aliniambia nisiiguse," akashindwa kuendelea.

Shangazi hakumgombeza. Alinyoosha kidole akalifumbua jicho la ghala, na pale pale kwenye kioo darasa likazimika. Miwani alisogea, akainama mpaka pua yake ikakikaribia kioo, akalitafuta dawati lake la mbele ndani ya giza.

"Sasa mimi nitakaa wapi?" akauliza.

Swali lile ndilo lililowasukuma wakubwa. Msanifu alijifuta uso. Alikiri kwamba kama picha hii nyeusi ingemfikia Ijumaa, angeujua ubovu wa mchoro wake kabla ya mtu yeyote kupiga kigingi. Alikunja suruali, akashika ncha moja ya kamba, akamwomba Baba ashike nyingine. Wakapima kwa hatua, wakabishana, wakapima tena, viatu vya msanifu vikageuka rangi ya udongo. Mwisho walikubaliana jengo lote ligeuzwe robo ya mzunguko, liupe mgongo ukuta wa ghala kwa upande wake mfupi, ili madirisha yawe pande mbili na yatazame uwanja. Nusu ya uwanja wa netiboli ingeliwa. Kazi ingechelewa wiki mbili. Lakini zege lilikuwa bado halijamwagwa.

Msanifu alimwomba Shangazi radhi mbele za watu na kumwambia kazi yake iko pale pale. Shangazi naye alisema ana kosa: alipata jibu ambalo halikuingia akilini, badala ya kuuliza akalilalia. Mwalimu mkuu, ambaye kwa mwaka mzima alipita kando ya ghala lile kila asubuhi akienda ofisini, alikohoa. Wakubwa wengi huomba radhi kwa kukohoa.

Adhabu ya Chiriku aliitoa Shangazi. Asiguse kompyuta mwezi mzima. Na kabla ya kuigusa tena, aende akalihesabu ghala mwenyewe.

Jioni, jua likiwa bado juu ya mapaa, Baba na Chiriku walirudi nyumbani pamoja. Baba alibeba futi na kamba zake. Walipofika zahanati akasimama mbele ya bango. Rangi ilikuwa imepauka, na lile gari jeupe lilikuwa limebakia kama ukungu.

"Aliyechora hili nimemlaani miaka mitatu," Baba alisema. "Nilijua ni mtu mbaya, mtu wa wakubwa. Leo sijui tena. Labda naye alikuwa mtu wa kawaida tu, alitaka lipendeze."

Chiriku alianza kulia. Baba alimwacha alie kidogo, kisha akaketi kwenye lile benchi, akampapasia mahali pa kukaa.

"Sikiliza, mwanangu. Picha ya giza haikuwa na kosa. Ilikuwa inasema: njooni mtazame, hapa pana ubovu. Ubovu ukionekana, hakosekani mtu wa kuurekebisha. Ukifichwa ukapambwa, atakayekutana nao ni yule asiye na pa kwenda. Mama yako alikutana nao hapa. Miwani angekutana nao kule, kila siku, mpaka amalize shule."

Akaiviringa kamba mkononi.

"Na mimi nina langu. Nilizoea kusema wakubwa ndio wanaotufumba macho. Wanafumba, wala siondoi neno langu. Lakini Jumamosi waliitisha mkutano, na mimi ninayelijua jua nilikuwa nimekaa nyumbani nimenuna. Kufumba jicho hakuhitaji cheo, hata mtoto anaweza. Na kulifumbua pia hakuhitaji cheo. Leo mtoto amelifumbua mbele ya msanifu na mwalimu mkuu, na wala sikumwona wa kumsaidia. Hilo nalo nimeliona."

Kesho yake baada ya shule Chiriku hakwenda kwa Shangazi. Alikwenda kwenye ghala, Miwani akimfuata. Alisimama chini ya ukuta akainua kichwa, akaanza kuhesabu kwa sauti. Alipofika mstari wa thelathini na pili alitaka kuondoka, kisha akasita. Miwani akamuuliza anangoja nini.

"Nahesabu tena," Chiriku alisema, na safari hii maneno yalikuja mengi kama zamani, "maana mwanga haujui kumbembeleza mtu, Shangazi anasema, na nikikosea tofali moja tu, wewe ndiye utakayekosa jua, kwa hiyo simama pale, usinichekeshe, na nikiruka mstari uniambie."

Akarudi chini kabisa, kwenye tofali la kwanza, akaanza upya.